Kiti cha Chase Daniel au barabara ya Ryan Fitzpatrick: kwotabaki wa akiba achague ipi?

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari huko Iowa, na ndiye kwotabaki wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yao. Mwezi uliopita alinipigia simu alfajiri, kwao bado ni jioni ya jana, sauti imepoa kabisa. "Shikamoo mjomba. Nimepata vyuo viwili, sijui nishike kipi." Chuo cha kwanza ni kidogo, na kocha amemwahidi namba tangu msimu wa kwanza. Cha pili ni kikubwa, ila mbele yake kuna kijana aliyebakiza miaka miwili, na miaka hiyo yote yeye atasugua benchi. Mama yake anataka kile kidogo, mtoto aonekane. Baba yake anataka kikubwa, kwa kuwa namba hupotea lakini cheti hakipotei.

Nilimwomba wiki moja. Nimekesha miaka mingi nikiangalia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na katika mchezo ule wote hakuna mtu ninayemtazama kwa makini kama yule anayesimama pembeni ya uwanja amevaa kapelo, tableti mkononi, jezi safi: kwotabaki wa akiba. Nikaona nimjibu kwa kulinganisha maisha ya watu walioifanya kazi hiyo kwa mshahara. Nayaweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Asiyeujua mchezo amfikirie kipa. Wachezaji wengi wa futiboli ya Kimarekani huingia na kutoka kwa zamu mechi nzima. Kwotabaki, yule anayepokea mpira kutoka kwa senta na kuamua aurushe au ampe mwenzake akimbie nao, hatoki mpaka aumie au avurunde. NFL ina timu 32, kwa hiyo namba ziko 32 tu. Kuanzia wa 33 wote ni wa akiba, na karibu wote walikuwa nyota huko vyuoni kwao.

Watatu ninaowaweka mezani

Chase Daniel alitamba sana pale Missouri. Mwaka 2007 alishika nafasi ya 4 katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Mwaka 2009, timu za NFL zilipokaa kuteua wachezaji wapya, hakuna iliyotaja jina lake. Akatafuta timu kama mchezaji huru, akaipata, na akabaki ligini misimu 14. Katika misimu yote hiyo alianza mechi 5. Alikaa nyuma ya Drew Brees kule New Orleans, Alex Smith wa Kansas City, Carson Wentz wa Philadelphia, akarudi tena kwa Brees, kisha Mitchell Trubisky wa Chicago, Matthew Stafford wa Detroit na Justin Herbert wa Chargers.

Ryan Fitzpatrick alitoka Harvard, chuo kinachojulikana kwa mengine kuliko futiboli. Rams walimteua mwaka 2005 katika raundi ya 7, mtu wa 250. Alicheza misimu 17 katika timu 9 na kuanza mechi 147. Karibu kila alikokwenda alikuta namba iko wazi au mwenye namba anayumba, akaichukua, kisha akaletewa mwingine wa kumpokonya. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Wa tatu ni Nick Foles. Yeye ndiye anayetajwa na kila mtu anayetaka kumpa moyo kijana wa benchi: akiba aliyeingia Desemba na Februari akabeba Super Bowl, fainali ya NFL. Nitamfikia, ila nasema mapema kwamba nimemweka mezani ili nimtoe.

Jumatano

Watu huwalinganisha makwotabaki kwa walichofanya Jumapili. Mimi naanza na Jumatano, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kazi ya mtu wa akiba.

Wiki ya kawaida ya NFL huenda hivi. Mechi ni Jumapili. Jumatano makocha wanagawa mpango mpya wa kumkabili mpinzani anayefuata, na mazoezi yenyewe hufanyika siku hiyo, Alhamisi na Ijumaa. Mipira mingi sana ya mazoezi hayo hurushwa na namba moja, maana muda ni mfupi na yeye ndiye atakayecheza. Wa akiba akipewa mpira, mara nyingi ni ili amwigize kwotabaki wa wapinzani. Kocha anainua kadi yenye mchoro wa mbinu ya timu nyingine, yeye anaitazama, anawapanga wachezaji wenzake wa akiba, na kuirushia safu ya ulinzi ya timu yake pasi zilezile ambazo Jumapili watarushiwa na mtu mwingine.

Hebu fikiria maana yake. Wiki nzima mkono wake unazoea mbinu za wapinzani, na mbinu za timu yake anazijua kwa macho na masikio tu. Mwenzake akianguka Jumapili, anaingia kufanya kitu ambacho hajakifanya kwa mkono wake tangu mazoezi ya kabla ya msimu.

Anajiandaaje basi? Kwa kusoma, na kwa kusikiliza. Kocha huzungumza na kwotabaki kupitia kifaa kilichomo ndani ya helmeti, na sauti hiyo hukatwa saa ya kuanzisha mchezo inapobakiza sekunde 15. Wa akiba husimama pembeni na kifaa chake masikioni, anasikia agizo lilelile, na kichwani anaucheza mchezo mzima: nani anakimbilia wapi, beki yupi amesogea hatua mbili, mpira uende kwa nani. Shambulizi likiisha anakaa na mwenye namba, wanapitia picha kwenye tableti, anamwonyesha alichokiona. Anamsaidia mtu yuleyule aliyeshika nafasi anayoitaka. Kazi hii ina moyo wake, na si kila mchezaji mzuri anao.

Daniel alikuwa nao. Angalia Novemba 2018. Bears wa Chicago wamecheza Jumapili usiku, tarehe 18, na Trubisky ameumia bega. Mechi inayofuata ni Alhamisi mchana, sikukuu ya Shukrani, ugenini Detroit. Siku nne hazitimii. Daniel alikuwa hajaanza mechi tangu Desemba 2014. Akaingia, akarusha pasi 37, zikafika 27, yadi 230, tachidauni 2 (tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, kama bao), na hakuna pasi hata moja iliyonaswa na wapinzani. Beki wake Eddie Jackson akanasa pasi ya Lions robo ya mwisho na kukimbia nayo hadi tachidauni, Bears wakashinda 23-16.

Aliwezaje? Kocha mkuu wa Bears, Matt Nagy, alikuwa naye Kansas City kuanzia 2013 hadi 2015. Mfumo ule Daniel aliujua kabla ya Trubisky mwenyewe, na sehemu ya sababu ya kumleta Chicago ilikuwa amsaidie kijana kuuelewa.

Jumatano za Fitzpatrick zilikuwa za namna nyingine. Alipokuwa na namba, mipira ya mazoezi ilikuwa yake. Ila alilipa kwa kuhama: kila timu ina majina yake ya mbinu, na mbinu ileile huitwa hivi Buffalo na vile Houston. Timu 9 ni sawa na kujifunza lugha 9, tena harakaharaka, huku mke na watoto wakifunga mizigo mara nyingi baada ya msimu mmoja au miwili. Nani ana kazi ngumu kati yao siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba Daniel alichoka kwa kusubiri na Fitzpatrick alichoka kwa kuanza upya.

Jumapili

Hapa hakuna mashindano. Mwaka 2018 akiwa Tampa, Fitzpatrick alifungua msimu kwa mechi tatu mfululizo za zaidi ya yadi 400 za pasi kila moja, jambo ambalo hakuna kwotabaki aliyekuwa amelifanya katika historia ya NFL. Alikuwa amepewa nafasi kwa sababu mwenye namba, Jameis Winston, alikuwa amefungiwa mechi hizo tatu. Msimu haujafika mbali, namba ikarudi kwa Winston.

Lakini mechi inayonikaa moyoni ni ya Desemba 26, 2020. Miaka 38, ndevu zimefika kifuani, anachezea Miami. Oktoba walikuwa wamemweka benchi kumpisha kijana Tua Tagovailoa, wakati timu imeshinda mechi tatu na kufungwa tatu, na imetoka kushinda mechi mbili mfululizo. Alisema hadharani kwamba moyo umemvunjika. Sasa wako Las Vegas, shambulizi limekwama, robo ya mwisho kocha anamrudisha. Zimebaki sekunde chache, Miami wako nyuma kwa pointi 2, mpira uko mbali kabisa upande wao. Beki mmoja wa Raiders anamkamata kwa wavu wa helmeti na kumgeuza shingo, uso wake unaangalia pembeni. Mkono haukusimama. Mpira ukaruka yadi 34 hadi kwa Mack Hollins, adhabu ya kushika wavu ikaongeza 15, Jason Sanders akapiga mpira wa yadi 44 katikati ya milingoti, 26-25. Ukimtazama kijana anayesema hawezi kuishi bila kucheza, mwonyeshe pasi ile.

Kisha mwambie na yaliyofuata. Wiki ya mwisho ya msimu Fitzpatrick alikutwa na korona, akabaki nyumbani, Miami wakafungwa 56-26 Buffalo na kukosa mtoano. Msimu wa 2021 akaanza na Washington kama namba moja halali, akaumia nyonga katika mechi ya kwanza, na ndiyo ikawa mechi yake ya mwisho.

Kwa nini namtoa Foles mezani

Hadithi ya Foles ni tamu, na mimi pia nilikesha nikiishuhudia. Desemba 10, 2017, Wentz alichanika goti kule Los Angeles akiwa anatajwa kuwania tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Foles akaingia. Februari 4, 2018, Minneapolis, Eagles wa Philadelphia waliwafunga Patriots wa Tom Brady 41-33, Foles akarusha yadi 373 na tachidauni 3, na moja akaidaka mwenyewe. Hiyo ya kuidaka ndiyo inayoeleza mengi. Sekunde 38 kabla ya mapumziko, jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, yadi moja tu mbele yao. Foles anamfuata kocha Doug Pederson pembeni na kuomba mbinu ya hila waliyokuwa wameificha. Pederson anakubali papo hapo. Mpira unakwenda kwa Corey Clement, anampa Trey Burton, Burton anaurusha kwa kwotabaki aliyejitenga polepole bila mtu kumjali.

Sasa rudi nyuma miezi 11. Machi 2017, nani alikuwa akiba wa Eagles? Chase Daniel. Aliachwa mwezi huo, akarudi New Orleans, na kiti alichoinuka ndicho alichokalia Foles. Lau goti la Wentz lingechanika mwaka mmoja kabla, leo tungekuwa tunamsimulia Daniel. Na jambo hili lilitokea mara mbili: Machi 2020 Daniel aliondoka Chicago, Foles akaingia pale pale.

Ndiyo maana nasema njia ya Foles si njia ya kuchagua. Ni njia ya Daniel ambayo siku moja ilifunguka. Kijana hawezi kupanga goti la mwenzake. Anachoweza kupanga ni awe kwenye kiti kipi na kwa kocha yupi.

Kwa kocha Foles ana somo kubwa kuliko lile la kombe. Alianza Philadelphia mwaka 2012 chini ya kocha mkuu Andy Reid, na kocha wa makwotabaki alikuwa huyohuyo Pederson. Mwaka uliofuata alirusha tachidauni 27 na kunaswa pasi 2 tu. Alipouzwa kwa Rams mwaka 2015 akaporomoka, akafikiria kuacha kabisa, mpaka Reid akamwita Kansas City mwaka 2016. Kwa waliomjua alisimama. Baada ya Super Bowl, mwaka 2019, Jacksonville walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 88 ili awe namba moja. Akavunjika mtulinga robo ya kwanza ya mechi ya kwanza. Kwa msimu mzima alianza mechi nne tu na zote zikapotea, namba ikaenda kwa Gardner Minshew, kijana wa raundi ya 6. Matt Flynn aliyapata yaleyale kabla yake: Januari 1, 2012, akiwa akiba wa Aaron Rodgers, alirusha yadi 480 na tachidauni 6 kwa Green Bay, Seattle wakamsajili kwa pesa nzuri, na kabla msimu haujaanza Russell Wilson wa raundi ya 3 akamnyang'anya namba.

Pesa, kwa kifupi

Fitzpatrick alivuna zaidi ya dola milioni 80, Daniel zaidi ya milioni 40. Nusu, kwa mechi 5 dhidi ya 147. Kila mtu na macho yake, mimi naona Daniel alilipwa vizuri mno, na mwili wake ulipigwa kidogo mno. Mwaka 2024 mshahara wa chini wa mchezaji mgeni ulikuwa dola 795,000, na wa mwenye misimu 7 au zaidi dola milioni 1.21, kwa hiyo hata asiyecheza hafi njaa. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ya NFL haijadhaminiwa yote. Cha kusoma ni kiasi kilichodhaminiwa, si namba kubwa inayoandikwa magazetini.

Wapo pia ambao hawakupata kiti wala barabara. Josh Johnson, aliyeteuliwa mwaka 2008, amepita timu 14 za NFL, rekodi ya ligi. Januari 29, 2023, katika fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za NFL, San Francisco walimwingiza Johnson baada ya kwotabaki wao Brock Purdy kuumia kiwiko, na Johnson naye akapata mtikisiko wa ubongo. Ikabidi Purdy arudi uwanjani akiwa hawezi kurusha. Msimu uliofuata, wa 2023, ligi ikaleta kanuni ya kuruhusu kwotabaki wa tatu wa dharura. Mtu ameitwa na kuachwa miaka 15, na mechi yake kubwa kuliko zote ikaishia hivyo. Kijana anayetaka kazi hii alijue na hili.

Baada ya jezi

Hapa kiti kinashinda barabara, tena kwa mbali. Pederson alikuwa akiba wa Dan Marino na wa Brett Favre. Frank Reich alikuwa akiba wa Jim Kelly kule Buffalo, na Januari 3, 1993 aliitoa timu 35-3 nyuma mpaka ikaifunga Houston 41-38. Usiku ule wa Minneapolis Pederson ndiye alikuwa kocha mkuu na Reich ndiye mratibu wake wa mashambulizi. Foles alipokwenda kuomba mbinu yake, alikuwa anazungumza na mtu aliyesimama pembeni ya uwanja miaka mingi kama yeye. Gary Kubiak alikaa nyuma ya John Elway Denver misimu 9, akarudi Denver kama kocha na kutwaa Super Bowl ya 50. Zile Jumatano za kusoma kwa macho na kumfundisha mwenzako ndizo zilizowafanya walimu.

Nilichomwambia

Nilimpigia baada ya wiki. Sikumwambia chukua hiki. Nilimuuliza swali moja: mwaka wa kwanza wa sekondari, alipokuwa namba mbili, alikuwa anafanya nini mazoezini wakati mwenzake anarusha? Alinyamaza kidogo. "Mjomba, nisikufiche. Nilikuwa nahesabu mipira yake inayodondoka."

Nilimshukuru kwa kusema kweli. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yangu, kiti kitamla. Aende chuo kidogo, acheze, avurunde, ajifunze kwa mkono, kama Fitzpatrick. Lakini ana miaka 17, na moyo wa mtu hubadilika, kwa hiyo kabla ya kukikataa chuo kikubwa nimemwomba aulize mambo mawili: kocha aliyemwita ana mkataba mpaka lini, na mara ngapi kwa wiki namba mbili hurusha mipira na kikosi cha kwanza. Kocha akiwa anaondoka, hakuna anayemjua mtoto pale, na kiti hakina thamani. Akiwa anabaki, na jibu la pili likiwa zuri, nitayameza maneno yangu.

Ana mpaka Jumatano ya kwanza ya Februari kusaini. Ijumaa hii anakwenda kushinda siku nzima kwenye mazoezi ya chuo kikubwa. Nimemwambia asimtazame kwotabaki wa kwanza. Amtazame wa pili.